Somo la 6: Pumzi na Makaa ya Mawe

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:1–13; Mwa. 2:7, 15, Mwa. 14:10, Kut. 2:3, Law. 25:1–5, Ayu. 28:1–11, Ayu. 38:1–7, Zab. 104:27–30; Luka 12:48; Luka 16:1, 2; Ufu. 11:18.

Fungu la Kukariri: Zaburi 24:1. Lisome katika Biblia yako, kisha lirudie kila siku hadi Sabato.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hakuna anayetozwa fedha kwa pumzi hiyo, na ni wachache wanaokumbuka kushukuru kwa ajili yake. Chini ya miguu yetu kuna hazina nyingine ambayo watu huipigania na kuilipia: makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Mtu akiitazama hewa na kipande cheusi cha makaa ya mawe, ataona ni vitu visivyohusiana. Lakini kaboni iliyomo ndani ya kipande kile iliwahi kuwa hewani. Mmea uliivuta, ukaifanya kuwa shina na majani, ukaanguka, ukazikwa. Makaa yale yanapotiwa moto, kaboni hiyo hurudi hewani.

Juma hili tutajifunza jinsi hewa ya dunia ilivyobadilika, jinsi makaa ya mawe na mafuta yalivyofanyika, na kwa nini jambo hili limewasumbua vijana wengi katika imani. Mwisho tutauliza swali ambalo kila wakili lazima alijibu: mali ya Bwana imetumikaje?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Jani na Pumzi

Soma Mwanzo 1:11–13 na Mwanzo 2:7. Mimea ilitangulia, na mwanadamu akapewa pumzi baadaye. Mpangilio huo unatufundisha nini kuhusu utunzaji wa Mungu?

Mwaka 1771, mhubiri mmoja Mwingereza aliyeitwa Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi mji wa Leeds, aliwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa. Baada ya muda mfupi mshumaa ulizimika, kwa kuwa hewa ya ndani ilikuwa imeharibika. Kisha akaingiza tawi la mnanaa katika hewa hiyo iliyoharibika na kuliacha humo. Siku kumi baadaye, mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ileile. Aligundua pia kwamba panya aliweza kuishi katika hewa iliyotengenezwa upya na mmea.

Mwaka 1779, daktari Mholanzi Jan Ingenhousz aliongeza jambo moja. Alionyesha kwamba mmea hufanya kazi hiyo kwenye mwanga tu, na kwamba sehemu zake za kijani ndizo zinazofanya kazi.

Leo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyaeleza hayo. Jani huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na maji kutoka ardhini. Kwa nguvu ya jua huvigeuza kuwa sukari, na kutoka katika sukari hiyo mmea hujenga mbao, majani na mbegu. Oksijeni hutoka nje, nasi tunaivuta.

Hewa kavu tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na argoni chini kidogo ya asilimia 1. Hewa ya ukaa ni takriban asilimia 0.04 tu. Hata hivyo, kutoka katika sehemu hiyo ndogo kabisa hutoka kaboni yote iliyo katika muhindi, mgomba na mwembe. Mkulima aliyevuna gunia la mahindi amevuna, kwa sehemu kubwa, hewa na maji vilivyoshikwa na jua.

Soma Zaburi 104:27–30. Mtunga zaburi hakujua oksijeni, lakini alijua kwamba pumzi haimilikiwi na anayeivuta. Kila kiumbe huipokea, na Mungu akiiondoa kiumbe hurudi mavumbini.

Ni lini mara ya mwisho ulimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hukilipii? Ni nini kinachotufanya tuvisahau vitu vya namna hiyo?

JUMATATU
Hewa Haikuwa Ileile Siku Zote

Soma Mwanzo 1:1–10. Dunia ilikuwaje kabla Mungu hajaitengeneza ikae watu? Ni hatua zipi zinazotajwa?

Maandiko yanaanza na dunia iliyo tupu, yenye giza na maji. Mungu hakuiacha hivyo. Alitenga, akapanga, akajaza. Nyumba ilitayarishwa kabla ya mkaaji kuingia.

Wataalamu wa miamba nao wanasema kwamba hewa ya zamani haikuwa kama ya leo. Ushahidi wao mmoja ni chuma. Chuma huyeyuka ndani ya maji yasiyo na oksijeni, lakini oksijeni ikifika, chuma hushika kutu na kuzama chini. Huko Australia Magharibi na Afrika Kusini kuna miamba mikubwa yenye mistari ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Miamba hiyo huonyesha kwamba zamani bahari ilibeba chuma kingi kilichoyeyuka, jambo lisilowezekana chini ya hewa ya leo. Kwa hesabu zao, oksijeni ilianza kujaa hewani kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. (Suala la umri huo tutaliangalia siku ya Jumatano.)

Ushahidi mwingine unatoka ndani ya machimbo ya makaa ya mawe yenyewe. Huko Commentry, Ufaransa, wachimbaji walikuta alama ya mdudu afananaye na kereng'ende, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yalifika karibu sentimita 65. Mwaka 1885 Charles Brongniart alimpa jina Meganeura. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia mwilini mwao kwa mirija midogo. Ndiyo maana wanasayansi wengi wanadhani kwamba mdudu mkubwa kiasi hicho alisaidiwa na hewa yenye oksijeni nyingi kuliko ya sasa.

Oksijeni hiyo ya ziada ilitoka wapi? Hapa ndipo hewa na makaa ya mawe vinapokutana. Jani linapooza au kuungua, hutumika oksijeni kiasi kilekile ambacho jani lilitoa lilipokuwa likikua, na hewa ya ukaa hurudi ilikotoka. Hesabu imefungwa. Lakini jani likizikwa kabla ya kuoza, hesabu haifungwi. Kaboni yake hubaki chini na oksijeni yake hubaki juu. Hivyo pumzi ya leo inategemea pia kile kilichozikwa zamani.

Tuwe waangalifu hapa. Mwanzo sura ya 1 haikuandikwa ili iwe kitabu cha kemia, wala haifai kulazimisha kila mstari ulingane na somo la maabara. Sura hiyo inatangaza ni nani aliyeumba na kwamba alichokiumba kilikuwa chema.

Kwa nini ni hatari kuitumia Biblia kuthibitisha nadharia ya kisayansi ambayo inaweza kubadilika baada ya miaka kumi?

JUMANNE
Kutoka Tope Hadi Mwamba

Soma Ayubu 28:1–11. Ayubu anaeleza kazi ya wachimba madini. Mstari wa 5 unatofautishaje kinachotokea juu ya ardhi na kinachotokea chini yake?

Anayetaka kuona hatua ya kwanza ya makaa ya mawe hana haja ya kuchimba. Katikati ya bonde la mto Kongo, kwenye mpaka wa nchi mbili za Kongo, kuna misitu iliyosimama ndani ya maji. Majani na matawi yanapoanguka humo hayaozi yote, kwa kuwa maji yaliyotuama hayana oksijeni ya kutosha. Hukusanyika mwaka baada ya mwaka, yakawa tope jeusi la mimea. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba tope hilo limeenea takriban kilomita za mraba 145,500, na kwamba linashika kaboni ipatayo tani bilioni 30. Nchini Rwanda na Burundi tope la namna hiyo huchimbwa mabondeni, hukaushwa na kutumika kama nishati.

Tope hilo likifunikwa na mchanga na udongo mzito, uzito hulikamua maji. Likizama zaidi, joto la ardhi huondoa gesi na kubakiza kaboni zaidi. Kwanza hupatikana makaa ya kahawia, laini na yenye maji mengi. Kisha makaa meusi ya kawaida. Palipo na joto na mgandamizo mkubwa zaidi, hupatikana makaa magumu yanayong'aa. Kusini mwa Tanzania, huko Kiwira na Ngaka, makaa ya mawe yamelala kati ya tabaka za mchanga na matope yaliyogeuka mwamba, na ndani ya miamba ya namna hiyo alama za majani bado zinaonekana.

Mafuta yana njia yake. Mengi yalitokana na viumbe vidogo mno vya majini vilivyokufa, vikazama na kufunikwa na matope pasipo oksijeni. Joto la chini liliyapika mabaki yao yakawa mafuta. Joto lilipozidi, yakawa gesi. Vitu hivyo ni vyepesi kuliko maji, basi hupanda kupitia vinyweleo vya mwamba hadi vinapozuiwa na tabaka lisilopitisha. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilikuwa imezuiliwa hivyo.

Pasipo na kizuizi, mafuta hutokeza juu na kuganda kuwa lami. Soma Mwanzo 14:10 na Kutoka 2:3. Watu wa Biblia waliijua lami. Bonde la Sidimu lilikuwa na mashimo yake, na wafalme wawili waliokimbia vita walipata msiba mahali hapo. Mama yake Musa alipaka lami kisafina cha mwanawe ili maji yasiingie. Kitu kilekile kilikuwa mtego kwa wafalme na wokovu kwa mtoto mchanga.

Ni vitu gani vingine ambavyo Mungu ametupa, vinavyoweza kuokoa au kuangamiza kutegemea matumizi yake?

JUMATANO
Mawe Ambayo Hawakuyatupa

Soma Ayubu 38:1–7. Mungu anamuuliza Ayubu maswali badala ya kumpa maelezo. Kwa nini?

Mwezi Februari 1912, Waingereza watano walikuwa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini ya dunia. Walikuwa wamefika na kukuta Wanorwei wamewatangulia. Mmoja wao alifia njiani mwezi huohuo. Walikuwa na njaa na baridi ilikuwa imewaumiza, nao walikokota mizigo yao wenyewe juu ya barafu. Hata hivyo, kiongozi wao Robert Scott aliruhusu kusimama kwenye mlima ambao ubavu wake ulionyesha mistari ya makaa ya mawe. Daktari Edward Wilson, Mkristo aliyejulikana kwa maombi, aliokota mawe yenye alama za majani. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyerudi nyumbani. Waliotumwa kuwatafuta walipolikuta hema mwezi Novemba, mawe yale yapatayo kilo 16 yalikuwa bado yapo. Watu waliokuwa wakifa hawakuyatupa.

Majani yale yalikuwa ya mmea uitwao Glossopteris. Mmea huohuo umepatikana katika miamba ya India, Australia, Amerika Kusini na Afrika, pamoja na miamba ya makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania. Hivyo nchi ya barafu iliwahi kuwa na misitu. Wanajiolojia wanaona pia kwamba mabara hayo yaliwahi kuwa pamoja, na wanaipa misitu hiyo umri wa kati ya miaka milioni 250 na 300.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa hayo shuleni. Siku ya Sabato anainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, makaa ya mawe ya Ngaka yana umri gani?" Darasa linanyamaza. Mwalimu mmoja atamkemea kana kwamba ameasi. Mwingine atacheka na kusema kwamba Mwanzo ni hadithi tu. Wote wawili wamemfundisha jambo moja: asiulize tena kanisani. Na kijana asiyeuliza kanisani ataenda kuuliza mahali pengine.

Njia iliyo bora ni kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni lile ambalo Andiko linasema. Linasema Mungu aliumba, linasimulia siku sita na Sabato, na linasimulia gharika. Halitaji umri wa makaa ya mawe. La pili ni lile linaloonekana katika mwamba: majani, tabaka, mashina, na mizizi iliyoshika udongo wake. La tatu ni jinsi wanadamu wanavyounganisha hayo mawili. Kanisa la Waadventista wa Sabato linaamini uumbaji wa siku sita wa hivi karibuni, na Konferensi Kuu ililithibitisha hilo tena huko San Antonio mwaka 2015. Ellen G. White, katika sura ya gharika ya kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu mababu na manabii, alieleza kwamba makaa ya mawe na mafuta yalitokana na misitu iliyozikwa wakati wa gharika. Wanajiolojia walio wengi, wakiwemo Wakristo wengi, wanausoma mwamba kwa namna nyingine, na sababu zao si za mzaha: wanapima majivu ya volkano yaliyo kati ya tabaka, na wanahesabu tabaka zilizojengeka moja juu ya nyingine.

Mwalimu anayeyaeleza hayo yote kwa uaminifu, kisha akasema, "Hapa bado kuna maswali ambayo hatujayajibu," hajamkana Kristo. Amesimama mahali alipowekwa Ayubu. Wilson hakuyaogopa mawe, wala hakuacha kuomba.

Je, katika darasa lako kijana anaweza kuuliza swali gumu na kuondoka akiwa bado anapendwa? Ni nini kinachoonyesha hivyo?

ALHAMISI
Toa Hesabu ya Uwakili Wako

Soma Luka 16:1, 2. Wakili yule alishtakiwa kwa kosa gani? Mali ilikuwa ya nani?

Hata watu wanaotofautiana kuhusu umri wa makaa ya mawe wanaweza kukubaliana kuhusu kinachotokea yanapochomwa, kwa kuwa hilo limepimwa mbele ya macho yetu. Ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini kuna mapovu ya hewa ya zamani. Yanaonyesha kwamba kabla ya viwanda kuenea, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu zipatazo 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, akapata kama 315. Kufikia mwaka 2023 wastani wa mwaka ulikuwa umevuka 420.

Mwanawe, Ralph Keeling, alipima upande wa pili wa hesabu, yaani oksijeni. Aligundua kwamba inapungua kidogo kidogo, kama inavyotazamiwa kitu kinapoungua. Upungufu huo ni mdogo mno, na hakuna atakayekosa pumzi kwa sababu yake. Lakini unaonyesha kwamba ile hesabu iliyoachwa wazi misitu ilipozikwa sasa inafungwa kwa kasi, katika vizazi vichache. Hatari iliyopo ni joto. Tangu mwaka 1859 John Tyndall alipima na kuona kwamba hewa ya ukaa huzuia joto lisitoke. Ikizidi, dunia huongezeka joto, na majira ya mvua huvurugika.

Soma Mwanzo 2:15 na Ufunuo 11:18. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kitabu cha mwisho kinasema kwamba Mungu atawahukumu wanaoiharibu nchi. Anayesubiri nchi mpya hapati ruhusa ya kuichafua hii. Mpangaji mwema hubomoi nyumba kwa sababu tu mkataba unakaribia kwisha.

Lakini mzigo huu usiwekwe kichwani pasipostahili. Mama anayepika kwa mkaa wa kuni kwa sababu hana fedha ya mtungi wa gesi si yeye aliyeijaza anga. Gesi ya mtungi nayo hutokana na hazina ileile ya chini ya ardhi. Hata hivyo inaokoa miti na mapafu ya mama huyo. Luka 12:48 linatoa kanuni: aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe yana hesabu kubwa zaidi ya kutoa. Nasi tuna yetu, ndogo lakini halisi: shamba linalochomwa bila sababu, mti unaokatwa bila mwingine kupandwa, na taa zinazoachwa zikiwaka kanisani usiku kucha.

Soma Mambo ya Walawi 25:1–5. Mungu aliiamuru hata ardhi ipumzike. Sabato ni shule ya kipimo. Kila juma, kwa saa 24, mtu hukiri kwamba dunia inaendelea bila yeye kuchuma, na kwamba si kila kinachoweza kuchukuliwa ni lazima kichukuliwe leo.

Sabato inawezaje kubadilisha jinsi unavyotumia mali ya Mungu katika zile siku nyingine sita?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Zaburi 104 yote kwa sauti, ikiwezekana nje, chini ya mti. Kumbuka kwamba mti huo unafanya sasa hivi kazi ile ambayo Priestley aliiona ndani ya kioo chake.

Juma hili tumeona kwamba hewa na hazina za chini ya ardhi zimeunganishwa. Mimea ilichukua kaboni ikaiacha oksijeni. Kilichozikwa kilibaki chini, na pumzi ikabaki juu. Tumeona pia kwamba swali la umri wa miamba lina uzito, na kwamba uaminifu kwa Neno hautuhitaji kuficha ushahidi au kumnyamazisha anayeuliza. Na tumeona kwamba Bwana mwenye mali atauliza. Siku hiyo hatauliza kama tulishinda mabishano kuhusu makaa ya mawe. Atauliza tulifanya nini na nchi yake, na tulifanya nini na mtoto wake aliyeinua mkono darasani.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, "Yesu yu karibu kuja, kwa hiyo mambo ya hewa na miti hayatuhusu." Mwingine anasema, "Kwa kuwa anakuja, yanatuhusu zaidi." Jadilini hoja zote mbili kwa kutumia Ufunuo 11:18 na Luka 16:2.

2. Lirudieni swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mmoja wenu achukue nafasi ya mwanafunzi, mwingine ya mwalimu. Baadaye darasa liseme: jibu lilikuwa la kweli? Lilikuwa la upendo?

3. Kuna tofauti gani kati ya kusema "Biblia inasema" na kusema "sisi tunadhani"? Toeni mfano ambapo watu wamechanganya mambo hayo mawili na madhara yaliyotokea.

4. Nchi maskini yenye makaa ya mawe ardhini inahitaji umeme kwa ajili ya hospitali na shule. Nchi tajiri inaishauri isiyachimbe. Kanuni za Biblia kuhusu haki zinasaidiaje kulitafakari jambo hili?

5. Chagueni jambo moja ambalo darasa lenu litafanya robo hii kwa ajili ya ardhi mnayoishi. Liandikeni, mtajeni atakayelisimamia, na mwisho wa robo mtoe hesabu.